Baraka: Ekutere ichaguliwe kwa sikio, si kwa macho

Kwenye maduka mengi ya simu mjini Baraka, ekutere huuzwa kwa macho. Mteja anaonyeshwa boksi linalong'aa, jina kubwa lililochapwa mbele na rangi ya waya, kisha muuzaji anamaliza kwa maneno machache: "Yaya, hii ina besi kweli." Mteja analipa, anaenda zake. Akifika nyumbani akakuta sauti inamchoma, au haelewi mtangazaji wa redio anasema nini, anapandisha sauti hadi mwisho. Hapo ndipo hasara ya kweli inapoanza, na hasara hiyo si ya pesa.

Wilayani Fizi, jimboni Kivu ya Kusini, chombo hiki kidogo kinachoingizwa ndani ya tundu la sikio kimeacha kuwa pambo la vijana. Kwa njia yake watu husikiliza habari za usalama, odio za WhatsApp za ndugu walioko Uvira, Kalemie au Kigoma ng'ambo ya ziwa, mahubiri, kwaya, kisomo cha Kurani na muziki. Katika kambi ya Lusenda, wakimbizi wa Burundi waliopokelewa tangu mwaka 2015 husikiliza sauti za nyumbani kwao. Wahenga walisema sikio halilali na njaa. Lakini sikio nalo lina tumbo lake: linaweza kulishwa vizuri, na linaweza kulishwa hadi likaharibika.

Ekutere nzuri si lazima iwe yenye besi nyingi, wala yenye bei kubwa. Nzuri ni ile inayomwezesha mwenyewe kusikia vizuri kitu anachokisikiliza kila siku, huku sauti ikiwa chini. Hilo halijulikani kwa kusoma boksi. Linajulikana kwa kujaribu, na kujaribu kabla ya kulipa kunapaswa kuwa desturi ya kila duka, Baraka na Fizi-centre.

Masikio hayafanani

Muuzaji anayesema "hii inafaa kwa kila mtu" anazungumzia sikio lake mwenyewe. Sean Olive na wenzake wa kampuni ya Harman, Marekani, walichunguza sauti ambayo watu huipenda kwenye vifaa vya kusikilizia, wakaona wasikilizaji wanagawanyika makundi matatu. Watu 64 kati ya kila 100 walipenda sauti iliyosawazishwa: besi ya kiasi, sauti ya mwimbaji inasikika wazi, na sauti nyembamba hazichomi. Watu 15 kati ya 100 walitaka besi zaidi ya hapo. Watu 21 kati ya 100 walitaka besi pungufu, na katika kundi hilo wanawake na watu wenye umri mkubwa walionekana zaidi.

Hesabu hizo hazikufanywa Baraka, na huenda kwenye mji unaocheza muziki kama huu zingetoka tofauti. Fundisho lake hata hivyo ni lilelile: hakuna sauti moja inayowapendeza watu wote. Mama anayependa besi ndogo hajakosea, na kijana anayetaka besi itikise kichwa hajakosea. Anayekosea ni yule anayekubali kuchaguliwa.

Tena, hata watu wawili wenye ladha moja wanaweza kuvaa ekutere moja wakasikia vitu viwili. Tundu la sikio la mtu mzima hukuza lenyewe sauti zilizo karibu na hetsi 3,000, kwa sababu ya urefu na umbo lake, na umbo hilo hutofautiana mtu na mtu. Ekutere ikiingizwa ndani, hali hiyo inabadilika. Mafundi wanaotengeneza ekutere hujaribu kuirudisha kwa kukadiria sikio la wastani. Ambaye sikio lake liko mbali na wastani huo ataona sauti ni kali, au imefifia, ingawa rafiki yake aliisifu.

Besi inameza nini

Hakuna ubaya kupenda besi. Amapiano bila ule mdundo wake mzito wa chini ni kama ugali bila mboga. Bongo fleva nyingi pia hutengenezwa hivyo. Mwenye kusikiliza hizo kila siku ana haki ya kutafuta ekutere yenye besi ya kutosha, na asione haya.

Tatizo ni kwamba besi ikizidi inameza vilivyo juu yake. Hiyo ni tabia ya sikio la binadamu lenyewe: sauti nzito ikiwa kubwa mno, sikio hushindwa kuzipata vizuri sauti nyepesi zinazolia wakati huohuo. Na kwa msikilizaji wa Kongo, hasara hiyo ni kubwa kuliko anavyodhani.

Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu Desemba 2021, imejengwa juu ya magitaa yanayojibizana. Kuna gitaa la besi, gitaa la kusindikiza, mi-solo katikati, na solo juu kabisa. Seben inapoanza, utamu wote uko katika kusikia kila gitaa limekaa mahali pake. Ekutere yenye besi iliyojaa kupita kiasi huangusha ukuta katikati: solo inasikika kwa mbali, mi-solo inapotea, na gitaa la kusindikiza linakuwa uji. Anayesikiliza OK Jazz ya Franco, au African Fiesta ya Tabu Ley na Docteur Nico, nyimbo za miaka ya 1960 zilizorekodiwa kwa mitambo ya wakati huo, anahitaji ekutere inayofungua sauti za katikati. Akinunua ile ya kutikisa kichwa, amelipia kelele iliyoongezwa juu ya wimbo.

Kwa maneno, hasara ni kubwa zaidi. Vokali kama *a* na *o* zina nguvu nyingi upande wa chini. Konsonanti kama *s*, *t* na *f* hukaa juu, kuanzia takriban hetsi 2,000 kupanda. Kiswahili kina maneno mawili yanayoonyesha jambo hilo vizuri kuliko maelezo yoyote: *sita* na *tisa*. Vokali ni zilezile, kwa mpangilio uleule. Kinachoyatofautisha ni *s* na *t* tu. Ekutere inayofunika konsonanti inaweza kumfanya mtu aliyeambiwa boti inaondoka saa sita aende bandarini saa tisa. Kwenye habari za usalama, kosa la namna hiyo lina bei nyingine kabisa.

Redio na waya

Dukani, ekutere isiyo na waya ndiyo inayowekwa mbele, na ile ya waya hutajwa kama kitu cha zamani. Kwa mji wa pwani ya ziwa au kijiji cha milimani Fizi, mawazo hayo yanahitaji kupimwa upya.

Kwanza, simu nyingi zenye redio ya FM hutumia waya wa ekutere kama antena. Ukitoa waya, redio inakataa kufunguka au inakwaruza. Katika nchi ambako Radio Okapi imekuwa hewani tangu mwaka 2002, kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwamo, na ambako kila mji una redio zake za jamii, waya huo ni njia ya kupata habari bila kununua megabaiti. Intaneti inaweza kukatika wakati ambapo habari inahitajika zaidi. FM haihitaji kifurushi.

Pili, ekutere isiyo na waya ina betri tatu: moja upande wa kushoto, moja wa kulia, na moja ya kisanduku chake. Zote zinataka umeme. Familia inayochaji simu kwa paneli ndogo ya jua, au kwa kulipia kwenye kibanda cha kuchaji, inaongeza mdomo mwingine wa kulisha. Betri hizo ndogo huzeeka, na ikifa moja, mara nyingi kifaa chote kimekwisha.

Haimaanishi zisizo na waya hazifai. Dereva wa boti au fundi anayefanya kazi kwa mikono miwili anaweza kupendelea kitu kisichonasa. Lakini huyo anunue akijua anachoacha. Na anayenunua ya waya aangalie kwanza kama simu yake bado ina tundu la jeki ya milimita 3.5, maana baadhi ya simu mpya hazina tena.

Mpira mdogo, kazi kubwa

Kinachosahauliwa zaidi ndicho kisichogharimu kitu. Ndani ya maboksi mengi ya ekutere za kuingiza sikioni kuna mipira midogo ya silikoni ya saizi tatu: ndogo, ya kati na kubwa. Wengi hutumia ile iliyokuja imevikwa tayari, nyingine hutupwa pamoja na boksi.

Mpira huo ndio unaoamua besi. Ekutere ya aina hii hutoa sauti nzito vizuri pale tu inapoziba tundu la sikio barabara. Ikiacha hata nafasi ndogo, besi yote inavuja nje, na sauti inabaki nyembamba kama ya redio mbovu. Mwenye nayo analaumu ekutere, anapandisha sauti, au anarudi dukani kutafuta "yenye besi zaidi", wakati dawa ilikuwa mpira wa saizi kubwa uliobaki ndani ya boksi. Masikio ya mtu mmoja nayo yanaweza kutofautiana: si ajabu kulia kukahitaji saizi ya kati na kushoto saizi ndogo. Ukubwa sahihi hauumi, hautoki mtu akitafuna, na ukiuvaa sauti za nje zinapungua papo hapo.

Usafi nao ni sehemu ya sauti. Nta ya sikio, jasho na vumbi huziba wavu mdogo wa ekutere, upande mmoja ukaanza kusikika chini. Mipira ioshwe kwa maji na sabuni, ikaushwe kabisa kabla ya kurudishwa. Na kuazimana ekutere bila kuifuta ni kuazimana magonjwa ya masikio.

Sikio halinunuliwi tena

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema vijana zaidi ya bilioni moja, wenye umri wa miaka 12 hadi 35, wako hatarini kupoteza uwezo wa kusikia kwa sababu ya kusikiliza sauti kubwa kwa muda mrefu. Kipimo kilichowekwa na shirika hilo pamoja na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, UIT, mwaka 2018 ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima, na desibeli 75 kwa saa hizohizo kwa mtoto.

Kinachowaponza watu ni namna hesabu hiyo inavyoshuka. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwenye desibeli 83 zinabaki saa 20 kwa wiki. Kwenye 86, saa 10. Kwenye 92, saa mbili na nusu. Anayesikiliza kwenye desibeli 100 anamaliza haki yake ya wiki nzima kwa dakika 24, yaani nyimbo chache tu za rumba. Simu nyingi hazionyeshi desibeli, kwa hiyo ushauri wa OMS ni rahisi: sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wa kifaa.

Madhara hayo hayaji na maumivu. Chembe ndogo za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa haziti mbegu nyingine. Mara nyingi uharibifu wa kelele huanzia karibu na hetsi 4,000, kulekule konsonanti zinakokaa. Ndiyo maana mtu hulalamika, "Ninasikia, lakini sielewi watu wanasema nini." Wakati huo hakuna ekutere itakayomrudishia.

Hapa uchaguzi wa sauti unakutana na afya. Mtu aliyevaa ekutere isiyofaa ladha yake hupandisha sauti akitafuta kile kinachokosekana. Aliyeipata inayomfaa, na mpira ukaziba vizuri, hana sababu ya kupandisha, hata jenereta ikinguruma jirani au injini ya boti ikipiga kelele.

Lakini kuziba huko kuna mahali pake. Nyumbani, kwenye boti au kitandani ni jambo jema. Kwenye Barabara ya Kitaifa namba 5, inayopita Uvira kuja Baraka na kupanda Fizi, ni hatari. Mwanamotari aliyeziba masikio yote mawili hasikii honi ya lori nyuma yake. Mkulima anayekwenda shamba, katika eneo ambako watu wamejifunza kutambua milio ya mbali ili wajue wakimbilie wapi, hawezi kujifanya kiziwi kwa hiari. Sifa ya "inazuia kelele zote" iliyoandikwa kwenye maboksi iliandikwa kwa abiria wa ndege na treni. Njiani Fizi, sikio moja libaki wazi, au ekutere ikae mfukoni.

Namna ya kujaribu

Kujaribu hakuhitaji elimu ya ufundi. Mnunuzi aende na simu yake mwenyewe, ikiwa na vitu vitatu anavyovijua kwa moyo: odio moja ya mtu anayemfahamu sauti, wimbo mmoja anaoupenda, na redio ya FM. Avae mpira unaomkaa, kisha aanze na sauti ya chini.

Kwenye odio, asikilize kama kila neno linaeleweka bila kukaza sikio, na kama sauti ile inafanana na mtu mwenyewe. Kwenye wimbo, ajaribu kufuata chombo kimoja, kwa mfano solo au gitaa la besi, toka mwanzo hadi seben. Kama kinapotea, ekutere hiyo inameza. Kama *s* za mwimbaji zinachoma kama sindano, itamchosha kabla ya nusu saa. Hapa kuna jambo la kuangalia: nyimbo nyingi huhamishwa dukani kwenye kadi ya memori zikiwa zimebanwa sana ili zienee, na ekutere kali huonyesha ukwaru huo wazi. Kwa mwenye nyimbo za namna hiyo, ekutere laini inaweza kumfaa kuliko ya bei kubwa. Mwisho, atikise waya taratibu karibu na jeki na karibu na sikio, asikie kama sauti inakatika, na ahakikishe kushoto na kulia vinalingana.

Kama ekutere ni nzuri ila besi imezidi kidogo, simu nyingi zina ekwalaiza ndani ya programu ya muziki. Ni afadhali kupunguza kilichozidi kuliko kuongeza kilichopungua, maana kuongeza sana huvunja sauti.

Wauzaji watasema mambo mawili. Kwanza, kwamba kila mtu akijaribu, bidhaa zitachafuka na maboksi yatachanika. Hoja hiyo ina ukweli, na suluhisho lake ni dogo: duka lifungue ekutere moja ya kila aina iwe ya kujaribia, liweke pamba na alkoli ya kufutia mipira kati ya mteja na mteja. Pili, watasema ekutere za bei ndogo zote ni sawa, zimetoka China kwa njia moja. Hilo si kweli, na wao wenyewe wanajua, kwani hakuna muuzaji anayejichagulia yoyote iliyo karibu. Hata maboksi mawili yenye jina moja la kampuni kubwa yanaweza kuwa na sauti tofauti, kwa kuwa bidhaa za kuiga ni nyingi sokoni. OCC ina kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini, lakini hakuna ofisi inayoweza kumsikilizia mtu kwa sikio lake.

Na anayesema maskini hana nafasi ya kuchagua sauti anasahau kwamba maskini ndiye anayeumia zaidi akikosea. Mwenye pesa atanunua nyingine kesho. Aliyekusanya faranga zake wiki nzima atabaki na ile ile, akipandisha sauti kila siku ili kuiziba kasoro yake. Dakika tano za kusimama dukani na kusikiliza ni haki ndogo. Muuzaji anayezikataa ajue mteja ana miguu, na duka la jirani haliko mbali.